Nyota Iliyokataa Kumeza Sayari

Jumanne, 3 Juni

Nimejipalia makaa mwenyewe. Mwalimu wa sayansi aliuliza nani atashona maleba ya mchezo wa siku ya wazazi, na mkono wangu ukapanda kabla ya akili. Mchezo ni wa nyota iliyozeeka na sayari inayoizunguka. Nyota inavimba, inakuwa nyekundu, mwisho inaimeza sayari. Cherehani yangu yenyewe inakohoa!

Sayari ni binti yangu. Wa kuwa nyota alikosekana — watoto wote wana sauti za vifaranga. Mwalimu akataka mtu mzima mwenye kifua. Binti akasema babu yake alikuwa dalali wa mnada. Basi! Baba yangu, miaka sabini na minne, amepata kazi.

Ile shule ya bweni, binti amesema tena haendi. Nafasi ambayo wenzake wanaililia! Jibu linatakiwa Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Nimemwuliza kwa nini. Eti babu atabaki na nani. Kwani mimi ni kabati?

Alhamisi, 5 Juni

Nimempima baba. Kiuno kimepungua sana. Nikapima tena, nikidhani utepe umejikunja. Amesema ni umri, na mapishi yangu. Nimecheka kwa sababu alitaka nicheke.

Vazi litakuwa na matabaka manne: njano, rangi ya chungwa, nyekundu, na nyekundu iliyoiva. Chini kuna pete za waya, akivuta kamba anavimba. Kila tabaka lina vifungo vya kubonyeza, maana jasho la mzee huyu nalijua, lazima lifuliwe. Ili sayari isipotee njia, nimewaunganisha kwa lastiki kiunoni. Nimejisifu peke yangu chumbani.

Jumapili, 8 Juni

Mazoezi ukumbini. Loo! Baba hawezi kufuata maneno aliyoandikiwa. Alipofika katikati akaanza kuinadi sayari: sayari safi, haijatumika, ina maji mpaka jikoni! Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Ikaja sehemu ya kumeza. Baba akasimama. "Mimi simmezi Bosi." (Ndivyo anavyomwita mjukuu wake.)

"Mzee, hiyo ni sayansi."

"Sayansi haijamlea huyu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini njiani nikamwambia, ulimi hauna mfupa: baba, mtoto anakosa shule kwa ajili yako. Akasema mtoto amekataa mwenyewe, kwani yeye amemfunga kamba? Na lastiki bado imening'inia kiunoni mwake!

Anafurahi mtoto anabaki. Nimeiona furaha hiyo usoni, hata haijifichi. Nampenda baba yangu, na leo nimemkasirikia.

Jumatano, 11 Juni

Mwalimu amekuja hapa kwenye chumba cha kushonea, akakaa kwenye kiti cha wateja juu ya sketi ya watu. Nimemwinua. Amekuja kumbembeleza baba.

Kasema upo mwisho mwingine. Nyota ikizeeka hupukutisha mwili wake, tabaka baada ya tabaka. Inapungua uzito. Ikipungua, mvuto wake unalegea, na sayari inasogea mbali. Huenda ikapona. Wataalamu wenyewe bado wanabishana ipi itamezwa, ipi itapona.

Baba akauliza: na nyota yenyewe, ikishapukutika, inabaki nini?

"Kitu kidogo cheupe, mzee. Lakini bado kina joto."

Nilingoja utani. Haukuja. Aliomba chai, nikamletea, hakuinywa.

Ijumaa, 13 Juni

Kushona tu. Sindano imenidunga mara mbili. Binti hasemi na mimi tangu nilipotaja shule asubuhi. Baba hajafanya mazoezi, anasema sauti inapumzika. Kimya kingi kina mshindo. Mwalimu hajui kesho mchezo utaisha vipi — amekonda kwa siku moja, maskini!

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Baba akavimba vizuri, waya haukukatika, mimi nikajipiga kifua pale nyuma ya pazia. Binti akazunguka na lastiki yake, uso umekaza. Ikafika sehemu ya kumeza.

Baba akashika vifungo vya tabaka la juu. Pa! Pa! Pa! Akalivua akalirusha kwa wazazi wa mbele. Watu wakashika mbavu. La pili. La tatu. La nne, na pete zake za waya, likamwangukia mwalimu mkuu. Akabaki na suruali na fulana nyeupe, na kicheko kikaisha chenyewe. Mabega yake! Mikono ile! Nilipima kiuno, nikaona haya kupima mengine.

Nikamtazama binti. Hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anajua. Vidole vya baba havishiki vifungo vidogo siku hizi, yeye ndiye humfungia shati kila asubuhi kabla ya shule. Anamwona kila siku. Mimi nilidhani ni madeko ya babu na mjukuu.

Baba akafungua lastiki upande wake. "Zunguka mbali kidogo, Bosi. Bado nakuona."

Binti akasimama palepale. Haikuandikwa popote. "Na wewe utakaa na nani?"

"Na mama yako. Anapika vibaya, lakini yupo."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nililia, nikajifuta kwa pindo la pazia la shule. Mwalimu akafunga pazia bila kujua kama mchezo umeisha.

Tumerudi. Njia nzima hakuna aliyeitaja shule, na Jumatatu ni keshokutwa. Naogopa aende, baba atuondokee yeye akiwa mbali. Naogopa abaki pia.

Sasa ni jioni, mwalimu anakuja kula nasi. Baba ametoka kuoga, anavaa shati lake la wageni. Kutoka hapa mezani nawaona wote wawili. Binti alikwenda mbio kumfungia, baba akainua mkono. "Kaa hapohapo. Najaribu."

Kifungo cha kwanza kimeingia. Cha pili kimeingia tundu la tatu. Baba anakitukana, anakitoa, anaanza upya. Binti amesimama mlangoni, mikono nyuma, ameishika kwa nguvu. Haingii. Haondoki.

Cha pili kimekaa. Ameshika cha tatu sasa.