Ngome ya Lango Moja

Jumanne, 8 Julai
Zamu imeisha. Kutwa nzima nimekodolea macho skrini za kamera za jengo la watu kule Nakawa. Sasa macho ni yangu. Chai. Majarida.

Leo nimetoa sandukuni lile lililochanika jalada. Ni majarida ya michezo ya majoka na wachawi: watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa, dadu inaamua nani afe. Mimi sichezi sana. Nanunua picha. Nimekaa na ukurasa mmoja tu, kilabu cha pombe kwa wino mtupu. Mbele majitu yanapigana. Nyuma kabisa, chini ya meza, mbwa anatafuna soksi. Hakuna aliyemlazimisha mchoraji kumweka yule mbwa. Namheshimu sana.

Lakini ramani ndizo zinanimaliza. Vyumba vidogo vyenye namba, ngazi za mistari myembamba, mshale wa kaskazini uliopambwa kama bibi harusi. Naweza kutembea humo kwa kidole mpaka chai ipoe. Imepoa.

Alhamisi, 10 Julai
Bahati amenipitia. Ni Mkongo, ana duka la kuchapa hapa Bukoto, na Jumamosi watu huja kucheza nyumbani kwake. Sasa wanatoa jarida lao wenyewe, toleo la kwanza. Kurasa mbili za katikati ni ramani ya ngome, na ramani ni yangu. Hakuuliza kama naweza. Amefanya vizuri, maana naweza. Jumamosi wataijaribu mezani, Jumatatu inaingia mashineni.

Jina langu kwenye jarida. Nalitaka jambo hili kuliko nilivyomwonyesha.

Ijumaa, 11 Julai
Siku ya mapumziko, na vidole vyeusi. Kuta mbili. Lango moja. Kibanda cha walinzi kushoto, kingine kulia, kila mlinzi akimwona mwenzake. Ghala la silaha sikuliandika jina. Ukiandika umemwelekeza mwizi. Nimekulia kambi ya polisi, mambo haya siyafikirii. Mawe ya ukuta nimeyachora moja moja. Ni nzuri. Hapa hakuna wa kunibishia, kwa hiyo naandika: ni nzuri kuliko nusu ya zilizomo sandukuni.

Jumamosi, 12 Julai
Aibu.

Wachezaji wamekaa langoni mchezo mzima. Wamewadanganya walinzi, wamekamatwa. Wamepanda ukuta, wameonekana. Mchawi wao amejigeuza panya, na panya naye amekwama, maana mifereji nimeitia nondo. Mmoja amesinzia kwenye kochi. Bahati amengoja wenzake waondoke, kisha akasema taratibu:

"Dada, ramani yako iko muzuri sana. Lakini hakuna mutu anaweza kuingia."

Nimemwambia hiyo ndiyo kazi ya ngome. Akanijibu kwamba nimechora kambi, sikuchora mchezo. Nisipoibadilisha kufikia Jumatatu asubuhi, ataweka ramani ya kisiwa aliyochora mwenzake. Kile kisiwa ni chapati iliyoungua. Nimekasirika. Nimekasirika zaidi kwa sababu anasema kweli.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani sikwenda. Nimetandaza majarida yote sakafuni, nikaangalia ramani tu. Na nimeona. Kila ninayoipenda ina mahali pabovu. Ukuta ulioporomoka nyuma ya jiko. Kisima kinachotokea kwingine. Dirisha la mpishi lisilofungika. Muda wote huu kidole changu kilikuwa kinapita humo humo, nami najidai kusifia mawe.

Kambi yetu nayo ilikuwa na tundu. Nyuma ya vyoo, seng'enge imekatwa, watoto tunapenya kwenda kununua kabalagala za moto, vile vitumbua vya ndizi. Kila mtoto alilijua. Sikulichora, wala halikunijia akilini. Binti wa sajini hachori tundu.

Mchana nimekwenda Kalerwe kwa Baba. Ameiangalia ramani yangu kwa furaha, akasema hapa hata yeye asingeingia. Nikamuuliza kama alilijua lile tundu. Akainamia karatasi. Nikadhani nimeharibu, huyu ni mtu aliyewaweka askari ndani kwa kutofunga vifungo vya shati. Ndipo akasema, macho yakiwa bado kwenye karatasi:

"Wewe unafikiri nani alikata ile waya? Ni mimi. Mama yako alikuwa anatoka soko na mzigo kwa kichwa, amechoka. Geti iko mbali."

Nimecheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Mama hatunaye tena, na hakuwahi kuniambia.

Nimechora pale pale, mezani kwa Baba. Tundu nyuma ya nyumba za wapishi, upana wa mwanamke mwenye mzigo. Ndani yake, karibu, nimeweka kibanda cha bati cha duara, kama kile tulichoishi. Namba sikukipa.

Jumatatu, 14 Julai
Kabla ya zamu, kwa Bahati. Ameitafuta njia kwa kidole, akazunguka ukuta mara mbili, akaipata. Hakusifu kitu. Ameuliza jina langu liandikwe vipi, akawasha mashine. Kisiwa kitangoja toleo la pili.

Jumamosi, 19 Julai
Limetoka. Wino umekolea, mawe yanaonekana yote. Nakala yangu ya kwanza nimempelekea Baba.

Amevaa miwani, akafungua katikati. Lango hakuliangalia. Kidole chake kilianzia nje, barabarani, kikaja polepole nyuma ya nyumba za wapishi, kikaingia, kikafika kwenye kibanda cha duara. Hakukiondoa. Nimemwacha hapo, nikaenda uani kuwasha sigiri ya mkaa.