Kombo wa Bwana Kufuli

Wingwi, Pemba

Kwa dada yangu Mwajuma,

Asalaam aleikum. Mimi huku mzima, kifua kimeacha kunisumbua, ila magoti yananikumbusha kuwa umri unakwenda. Wewe je? Macho yamepoa? Na shemeji bado anagombana na kuku wa jirani? Mvua zimefika huko Pangani, au mnaendelea kutazama mbingu? Nijibu yote, dada, usiniandikie "hatujambo" tupu kama mara iliyopita.

Mimi bado ni msimamizi wa shamba la Bi Zuwena, yule mjane niliyekueleza. Mwaka huu mikarafuu imebeba mpaka matawi yameinama, na wachumaji hawatoshi. Karafuu hazingoji mtu. Zikishafunua maua, zimekwisha, hakuna wa kuzinunua. Basi nikawa nikiamka nawazia wachumaji, nikilala nawazia wachumaji.

Ndipo akaja Kombo, mtu wa Kiuyu, mkewe kajifungua pacha juzi juzi tu. Kila shamba alilopiga hodi wamemkataa, kwa kuwa mwaka jana alikuwa mlinzi kwa Bwana Kufuli. Jina hilo la Kufuli watu ndio waliompachika. Huku karafuu zinazodondoka chini ya mti huitwa mpeta, na tangu zamani ni riziki ya wajane na maskini. Huja wakaokota na hapana anayewauliza. Huyo tajiri akazuia. Akaweka walinzi wenye fimbo, wakawafukuza bibi za watu na kuwamwagia vikapu vyao. Tangu hapo, aliyekula chumvi yake hapewi kazi Wingwi, awe alishika fimbo au alichuma tu.

Mie nilitaka kumchukua. Nakwambia kweli, si kwa huruma, kwa shida yangu. Wanawake wanaochambua karafuu waliposikia, wakainuka wote, wakakung'uta kanga zao.

"Akiingia huyo, sisi tunatoka."

Ala! Nikaduwaa. Bila wao karafuu zitavunda zikiwa bado kwenye makonyo, vile vijiti vyake. Nikamwendea Bi Zuwena, naye akanijibu bila hata kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka, "Mwite Bi Kazija. Yeye ndiye aliyefukuzwa, basi aseme yeye."

Bi Kazija ni bibi kizee wa hapa hapa, mdogo wa umbo, ulimi pilipili. Alimtazama Kombo juu mpaka chini.

"Ndiwe uliyenimwagia kikapu?"

"Ndimi, bibi."

"Ukaniita mwizi."

Kombo akainamisha kichwa. "Nilitumwa."

"Kumwaga ulitumwa. Na kuniita mwizi nako ulitumwa?"

Bibi akanigeukia mimi. "Mpe mti. Mie n'taokota chini yake."

Kombo akapanda. Dada, yule mtu anajua kuchuma, hata matawi ya nje kabisa anayafikia bila kuvunja kitu. Lakini mara karafuu zikaanza kumwagika chini, vichala kwa vichala, na kila mara yeye husema, "Lo, zimeniponyoka!" Zimeniponyoka gani hizo! Nikajua anamlipa bibi, tena kwa mali ya Bi Zuwena, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Nilichemka. Nilikwisha vuta pumzi nimwite ashuke aende zake, na ningemfukuza mimi, basi pasingekuwa tena shamba la kumpokea kisiwa hiki.

Bi Kazija akaniwahi. Alikuja na kikapu kimejaa, akakimwaga juu ya jamvi la Bi Zuwena mbele ya macho ya watu wote.

"Kombo! Hebu shuka!"

Akashuka, jasho linamtiririka.

"Mpeta ni zinazoanguka, si zinazoangushwa. Mwaka jana uliniita mwizi. Leo wataka kunifanya mwizi kweli?"

Wanawake waliacha kuchambua. Kombo akapiga magoti, akaushika mkono wa bibi. "Nisamehe, bibi yangu. Hukuwa mwizi. Neno lile lilikuwa langu, sikutumwa na mtu." Alilia, dada, mwanamume mzima, wala sikumcheka. Mwenyewe nilikuwa natafuta pa kuyaficha macho yangu.

"Haya," akasema bibi. "Hilo ndilo nililolifuata. Panda ukawachumie wanao, na mie niachie zile atakazoziangusha Mungu."

Wanawake wakaketi, kazi ikaendelea.

Tangu siku ile wamekuja wengine waliokuwa kwa Bwana Kufuli, wanaomba kuchuma. Siwaulizi neno. Nawaonyesha tu Bi Kazija alipoketi. Wengine huenda. Wengine humtazama kwa mbali, kisha hurudi njia waliyojia.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote, na shangazi aliyenifunza kusoma, mwambie mwandiko bado mbaya vile vile. Mwalimu wa chuo naye mpe mkono wangu. Nami nakuombea afya, dada, mpaka Mungu atukutanishe.

Ni mimi mdogo wako,
Shabani