Redio Iliposema Kisumu ni Shwari

Akinyi, mjukuu wangu,

Huku Kaloleni, Kisumu, tunapumua, na mguu wa baba yako umepona.

Umeniuliza mbona magazeti ya zamani unayosoma huko chuoni hayachoki kuandika kwamba Kisumu ni shwari. Miaka ya themanini, nikiwa msichana, mji ulichafuka. Mama aliposikia redio ikitaja neno hilo, aliruka.

"Wamesema shwari! Ingieni ndani!"

Aliepua ugali ukiwa bado mbichi, akazima jiko, na kutoka nyumba za jirani tukasikia makomeo yakivutwa. Siku za amani ya kweli, hakuna aliyehangaika kututangazia.

Sasa wewe umemaliza barua yako hivi: "Dani, usijali, huku ni shwari."

Nimejikuta nikifunga mlango, na ni mchana. Mjukuu wangu, huko kumetokea nini?

Dani yako