Kumkumbuka Ndagijimana Ildephonse, Aliyemrudisha Mama Chini ya Turubai

Umetimia mwaka mmoja sasa, Baba, tangu cherehani yako iliponyamaza pale dukani kwako Frogtown. Ilikuwa Jumanne mchana. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake alikukuta umeinamisha kichwa mezani, miwani usoni, tepu ya kupimia shingoni, akadhani unasinzia. Akaketi kukungoja kwa heshima karibu nusu saa. Mama anasema huyo ndiye mteja pekee aliyewahi kukungoja bila kunung'unika.

Tunaandika sisi wanao, lakini maneno mengi ni ya Mama. Yuko hapa mezani, anatusahihisha.

Watu wa kanisani walikujua kwa suti za harusi. Watu wa maziwani, kule kaskazini mwa jimbo, walikujua kama yule Mkongo anayekwenda porini na mto wa kitandani. Ulikuwa mpole, Baba, na hatukusikii ukipaza sauti hata tukijaribu kukumbuka. Ila mtu akikaa vibaya mbele yako ulishindwa kuvumilia. Ulimwendea mgeni usiyemjua kwenye basi ukamwekea kanzu yako nyuma ya kiuno.

Mambo ya mitumbwi yalianza na zipu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Apple Valley alikuletea hema lililokwama zipu. Akakueleza kwamba kila kiangazi yeye na mumewe hupanda mtumbwi, wakavuka ziwa baada ya ziwa, na kulala msituni wiki nzima. Uliweka mkasi chini, ukamwuliza kwa sauti ya pole:

"Ni nani aliwafukuza?"

Alicheka. Kisha akaona wewe hucheki. Ndipo ukamweleza habari za kambi kule Rwanda, miaka kumi na minne chini ya turubai la wakimbizi, na namna mwanao Shekinah alivyozaliwa siku ya mvua, wewe umesimama na beseni juu ya kichwa cha Mama ukikinga maji yanayovuja. Yule mama alilipa, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi na mtumbwi juu ya gari lake. Akasema mtumbwi unakaa bure gerejini kwake, nenda ukaone mwenyewe.

Ulikwenda na Mjomba Janvier. Mlirudi mmepinda kama majembe, mbu wamewavimbisha nyuso hata Mama akasita kufungua mlango. Akakuuliza huko mlikuwa mmeona nini cha maana. Ulifikiri kwanza, kama kawaida yako.

"Maji," ukasema. "Na asubuhi hakuna aliyekuja kutuhesabu."

Tangu siku hiyo ukawa mtu mwingine. Ulisema pori halina kosa, kosa ni kulala vibaya. Kila majira ya baridi ulichagua taabu moja ukaishonea dawa yake. Mwaka wa mgongo ulishona kiti chenye egemeo, cha kufungwa kwa kamba juu ya benchi la mtumbwi. Mwaka wa mbu ulishona kofia zenye chandarua mpaka mabegani, Mjomba Janvier akaenda na moja kwenye bustani yake ya mboga na majirani wakadhani anafuga nyuki. Mwaka wa shingo ulishona foronya tupu za kitenge: unazijaza nguo za kesho, unapata mto na begi linapungua. Vijana wa kanisani walikupigia simu wakitaka kujua wabebe nini, nawe uliwaambia yale yale kila mara. Turubai na hema vipakiwe mwisho ili vitoke kwanza. Turubai lifungwe kabla ya hema, na chai inywewe kabla ya kitu chochote kingine. Soksi za kulalia zisikanyage ardhi hata moto ukiwaka. Usiku tia maji moto kwenye chupa, ivalishe soksi, ilaze miguuni, na miguu itakushukuru hadi alfajiri.

Mtu mmoja tu hukumpata, na ndiye uliyekuwa ukimshonea.

Siku tulipofika nchi hii kutoka kambini, kwenye ile nyumba ya kupanga kule New Hope, wewe uliufunga mlango kwa ufunguo, ukaufungua, ukaufunga tena, kisha ukamwambia Mama hatalala tena chini ya turubai maisha yake yote. Aliitunza ahadi hiyo kuliko cheti cha uraia. Kila kiangazi ulimwomba, naye kila kiangazi alikukumbusha ulichosema mlangoni, neno kwa neno. Miaka minne ikapita hivyo. Ulikwenda na Mjomba, ukarudi, ukashona.

Shekinah alipojiandaa kwenda chuo, na mwanao Nshuti amekwisha hamia kwake, nyumba ikawa kubwa ghafla. Ulimwomba tena, mara moja tu. Mama alikuwa akikoroga sombe, yale majani ya muhogo. Hakugeuka.

"Nitalala kule usiku moja," akasema. "Tone moja ikinifikia, unanirudisha mu nyumba, na hiyo mambo hatutaisema tena."

Hukulala wiki tatu, Baba. Ulishona turubai jipya, ukapaka gundi kila mshono mara mbili. Jumamosi moja ulilisimamisha kwenye maegesho ya magari, ukaketi chini yake na chai, ukamwamuru Nshuti amwage maji juu kwa mpira wa bustani. Meneja wa nyumba alitoka kuuliza kuna nini. Ulimkaribisha aketi. Aliketi. Alipoondoka alikuwa mkavu na ameahidi kuja na mkewe.

Safari yenyewe Mama anaisimulia vizuri kuliko sisi. Pale mnapofika mwisho wa ziwa moja, ikabidi kubeba kila kitu kwa miguu hadi ziwa la pili, wengine hupita ile njia mara moja, mara mbili wakizidiwa. Wewe ulipita mara saba. Kulikuwa na godoro la kupuliza, kiti, jiko, sufuria ya bugali, beseni la kuogea na mwavuli. Vijana wawili wenye mizigo midogo walisimama kukupisha, wakauliza kwa adabu kama unahama.

"Siyo mimi," ukawajibu. "Anayehama ni mke wangu."

Mama aliketi mbele ya mtumbwi kwenye kiti chake, mwavuli wazi, hakugusa kafi. Anasema alijiona kama mke wa gavana. Alikuwa pia anaangalia mawingu, na mawingu yalimsikia.

Mvua ilianza mchana, mara tu mlipofika mahali pa kulala. Ulifunga turubai kwa haraka, ukamketisha, ukampa chai. Mama alikinga kiganja cha mkono wake hewani, akangoja. Ilinyesha ile mvua ya kule inayopiga ziwa mpaka ziwa linaonekana linachemka. Mama hakuondoa mkono. Anakiri leo, mbele yetu, kwamba alikuwa akilitaka lile tone. Lingemrudisha nyumbani, na kesi ingekwisha.

Halikuja. Baada ya muda aligundua kwamba kiti cha pili kiko tupu. Akakutafuta kwa macho, akakuona nje. Ulikuwa unazunguka turubai katikati ya mvua, unapapasa mshono mmoja mmoja kwa vidole kama daktari, unakaza kamba hii, unaongeza ile. Shati lilikuwa limekugandama mwilini. Miwani ilikuwa imejaa maji, na ulikuwa hutumii macho tena, ulikuwa ukishika tu. Mama alikutazama mizunguko mitatu. Kisha akaushusha mkono.

"Baba Shekinah, ingia mu ndani," akasema. "Hakuna tone."

Uliingia. Alikufuta kichwa kwa kitenge chake, na kwa kuwa soksi za kulalia zilikuwa kavu, alikuvalisha mwenyewe. Hapa Mama ametuambia tusiongeze neno.

Asubuhi yake, kabla ya chai, Mama alikuamsha. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na mtu analia. Kilio kirefu, kinapanda, kinakatika, kinaanza upya. Mama alisema kuna aliyefiwa kule, na haiwezekani Wakristo wakae hapa wakinywa chai. Wewe ulikifahamu kile kilio. Ulikisikia kila kiangazi kwa miaka minne. Lakini alikuwa amekwisha jifunga kitenge, amejaza chupa ya chai ya wafiwa, na ameshaingia mtumbwini. Na safari hii alishika kafi.

Mlivuka ziwa zima mkipiga makafi. Mama aliimba pambio la msibani kwa sauti ya chini ili mkifika awe tayari. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Palikuwa na ndege mmoja juu ya maji, mweusi mwenye madoa meupe, macho mekundu. Akamtazama Mama, akafungua mdomo, akalia vile vile.

Mama akajimiminia chai ya wafiwa, akainywa.

"Ulijua," akasema.

"Ulikuwa umeshajifunga kitenge," ukamjibu.

Aliyekuwa alale usiku mmoja alilala mitatu. Mlikwenda pamoja viangazi vitatu, Baba. Vingekuwa vingi zaidi, lakini hivyo tulivyopewa vilikuwa vizuri, na Mama alikula vyote bila kubakiza.

Wiki iliyopita tulikwenda tena. Tulipakia vyote ulivyoshona, Mjomba Janvier akabaki ufukoni kulinda chakula. Mama aliketi mbele, Nshuti katikati, Shekinah nyuma, na hapo ndipo tulipogundua kitu ambacho hukuwahi kutuambia: anayeongoza mtumbwi ni yule wa nyuma, na wa nyuma siku zote ulikuwa wewe. Tulizunguka. Tulipiga kushoto, tukazunguka kulia. Tulibadilisha, tukazunguka upande mwingine. Mjomba alipiga kelele za maelekezo, tukayafuata, tukarudi nyuma. Mama alianza kucheka mpaka kafi likamtoka mkononi, na Shekinah naye akacheka, kisha sote tukawa tunalia, na mtumbwi bado unazunguka taratibu katikati ya ziwa.

Mvuvi mmoja alikuwa mbali na boti yake ya bati. Akasogea, akazima injini, akauliza kama tunahitaji msaada.

Mama alijifuta uso kwa ukingo wa kitenge. "Hapana, asante," akamwambia kwa Kiingereza chake. "Tunamkumbuka mtu."

Yule mvuvi akavua kofia, akaenda zake polepole asije akatutikisa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Donatille Uwimana, wanao Nshuti na Shekinah, shemeji yako Janvier, kwaya ya akina baba, na wateja wote wa Frogtown ambao nguo zao bado ziko kwako na hawataki kuja kuzichukua.

Leo, kesho na siku zote, Baba, umo mioyoni mwetu.