Kimelea cha Mwalimu Bura

Jumatano, 1 Juni 1983

Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili mpaka vidole vimekufa ganzi. Nusu ya darasa wanaamini ukimeza chakula kinaenda moyoni. Baridi ya Endagikot haina adabu. Mwalimu Bura wa jiografia amekuja kuazima kitabu changu cha baiolojia. Anaandika hadithi ya kisayansi kuhusu wanyonya damu. Si mumiani wa porojo, anasema. Wake wana maelezo ya kitaalamu. Nimempa kitabu ili aondoke.

Ijumaa, 3 Juni

Amenisomea. Mwaka elfu mbili, kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, kimelea kinaota ndani ya mashuke. Mtu akila mkate, kimelea kinakula chembe nyekundu za damu yake, ndiyo maana anatamani za wenzake. Jua linamuunguza kwa kuwa ngozi imepungukiwa kitu. Kitu gani? Bura hajui. Nikamuuliza damu ikishanywewa inafikaje kwenye mishipa. Tumboni si itasagwa kama ugali? Akasema hilo ni jambo dogo.

Jambo dogo! Kamvua shetani pembe, kamvalisha koti la maabara, basi naye mwanasayansi.

Jumamosi, 4 Juni

Kawasomea wanafunzi na wafanyakazi ukumbini, kwa sauti ya mhubiri. Alipofika mahali mgonjwa anakunywa damu, akanyamaza ili watu watetemeke. Binti mmoja wa wafugaji wa Masakta akanyoosha mkono: "Mwalimu, si wangepewa ng'ombe?"

Ukumbi mzima kicheko. Kwao ng'ombe hupigwa mshale mfupi shingoni, damu ikakingwa kwenye kibuyu na kuchanganywa na maziwa, na ng'ombe akarudi kuchunga. Huyu bwana ametaka kuwatisha kwa kifungua kinywa chao. Nimefurahi. Nimefurahi vibaya.

Alhamisi, 9 Juni

Amerekebisha. Sasa damu ya ng'ombe haifai, lazima ya binadamu, tena ya kundi O. Kwa nini O? Kwa sababu yeye ni O. Alipimwa chuoni na tangu siku hiyo anaitaja kama cheo. Tena wanyonya damu wake wanajifanya wauguzi, wanaanza kwa kukutoboa kidole ili wajue kundi lako.

Kasoma tena. Safari hii hakuna aliyecheka. Mpishi wa shule, mama mzima mwenye wajukuu, aliuliza kama kundi linaweza kufichwa. Mumiani wa zamani watu walimkemea kanisani wakaenda kulala. Huyu ana kimelea, ana kundi la damu, ana jina la Kilatini la kubuni. Huyu wamemwamini. Nawadharau wote, nikianza na aliyesoma.

Jumanne, 14 Juni

Dada yangu Magdalena amejifungua kwa kupasuliwa, hospitali ya Mbulu. Mtoto wa kike, mzima. Dada damu imemtoka nyingi mno. Midomo yake imekuwa rangi ya majivu. Ni kundi O, na O hupokea O tu. Mimi ni A. Mumewe Daudi, dereva wa trekta huko mashamba ya ngano, ni B. Daktari anasema akiongezwa damu kufikia kesho jioni atapona. Asipoongezwa, hakumalizia.

Nimewaomba walimu na wafanyakazi. Wapimwe tu. Wameangalia viatu vyao. Mpishi alificha mikono ndani ya kanga. Watu ninaokula nao kila siku! Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumatano, 15 Juni

Asubuhi nilikwenda kwa Bura. O anayejulikana, mwenye afya ya fahali. Alinipa kiti. Akaanza kueleza. Shinikizo la damu na nyanda za juu. Mafua ya wiki jana. Mahitaji ya damu ya mtu anayefanya kazi ya ubongo. Mwoga wa kawaida husema naogopa. Huyu ana sababu za kisayansi. Nilitoka bila kuaga.

Nikasimama mbele ya wanafunzi nikaomba kama mwenye njaa. Yule binti wa Masakta akasema baba yake yupo mnadani, kaleta ng'ombe. Tukaenda.

Mzee Gidamis. Shikamoo, marahaba. Nilieleza, binti akatafsiri pale Kiswahili kilipokwama. Aliuliza wanachukua kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa chupa. Akasema ng'ombe wake hutoa zaidi ya hapo na jioni anapandwa na dume. Sikujua niangalie wapi.

Hospitalini akamkuta Daudi. Akamtambua. Daudi ndiye aliyelima malisho yake kwa trekta ya shamba. Mzee akasimama mlangoni. Kisha akasema: "Ninyi mmenyonya ardhi yetu, sasa mnataka na damu." Daudi akainamisha kichwa. Mzee akamtazama Magdalena kitandani. "Lakini mzazi hana trekta," akasema, akakunja shuka begani na kutoa mkono.

Alipimwa: O. Baada ya kutolewa damu alinung'unika njia nzima ya kurudi kwamba sindano yao ni butu.

Jumapili, 19 Juni

Mvua nyepesi. Magdalena amekula uji, rangi imerudi. Mtoto ananyonya vizuri.

Anachoka kulala, ameomba nimsomee kitu. Kwenye mkoba nilikuwa na kitabu changu cha baiolojia, ambacho Bura alirudisha kwa kumtuma mtu, na ndani yake karatasi za hadithi alizosahau. Nilisoma ili nimwonyeshe upuuzi uliotaka kumuua. Alicheka mpaka akashika mshono. Baadaye akaacha kucheka. Akauliza kama yule mgonjwa wa ngano atapona. Nikamwambia Bura hajaandika mwisho.

"Mwambie amponye," akasema, akalala.

Nimekaa naye. Itabidi niseme tena na yule mwoga.