Bi Ukungu Anaenda au Anakuja?

Doha, Ijumaa, Januari 2015

Ukungu umeufunga mtaa wetu wa Al Mansoura tangu alfajiri. Jengo la mbele silioni, na mkahawa wa chai pale chini nausikia tu. Nyumbani wanadhani Doha ni jua mwaka mzima. Wangekuja Januari wakaona.

Nimekaa kitandani na kikombe changu, Bi Ukungu yuko ukutani, na kitanda cha pili ni kitupu.

Rehema aliondoka jana.

Bi Ukungu ni picha. Rehema husafisha vyumba hotelini, na walipobadilisha picha za ukutani wakaweka za ngamia na farasi, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua zile za zamani. Wenzake waligombania zenye maua. Yeye akaja na hii: picha ya kuchapwa, kijivu tupu, mwanamke mmoja peke yake kando ya mto, gauni refu, taa moja kwa mbali, na ukungu kila mahali. Uso hauonekani.

Nyuma imeandikwa kwamba ilichorwa London, mwisho wa karne ya kumi na tisa. Nikasoma kidogo mtandaoni, nikamweleza Rehema kwamba wasanii wa enzi ile walisema picha haina kazi ya kufundisha wala kuhubiri, inatosha ipendeze. Alicheka hadi akashika mbavu. Akasema basi huyu ndiye mtu pekee Doha nzima asiye na kazi, hana hata bataka, kitambulisho chetu cha ukaazi, na hakuna anayemuuliza. Tangu siku hiyo akitoka kazini humwamkia kwanza yeye, shikamoo Bi Ukungu, kisha ndipo anikumbuke mimi.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu. Mimi nasema mwanamke huyu ametupa mgongo, anaenda. Rehema anasema anakuja, ila uso umemezwa na ukungu. Tumebishana tukisukuma chapati, tumebishana tukipiga pasi. Aliniambia aibu, muuguzi mzima sijui kutofautisha mgongo na kifua.

Sasa ameenda likizo Mombasa, na sote tunawajua watu walioenda likizo wasirudi. Binti yake Zulekha analelewa na bibi yake. Mwezi uliopita, kwenye simu, mtoto alimwita Rehema "anti". Rehema aliikunja sare yake, akaikunjua, akaikunja tena. Hapo nikajua.

Utamwambiaje mtu asiende kuitwa mama?

Lakini nampenda Rehema. Nayaandika haya hapa kwa sababu mbele yake nisingeweza, angenitania hadi nijute. Nikitoka wodini miguu imevimba, nimechoka hata kuoga, yeye ndiye hunifanya nicheke. Ndugu zangu wa tumbo moja hawajaniweza hivyo.

Alipokuwa akifunga mizigo niliangalia kitu kimoja tu. Nilijiambia akiichukua picha, basi hatarudi. Blanketi likaingia sandukuni, manukato ya mama yake, tende, viatu vya Zulekha. Picha ikabaki kwenye msumari. Nilifurahi kama mjinga.

Akavaa baibui lake, akafika mlangoni, akageuka.

"Bi Ukungu ni wako sasa, shoga. Mtunze."

Mtu hagawi kitu chake kama anarudi. Nilitaka kumuuliza, lakini alishanyanyua sanduku.

"Haya, nakuja."

Akaenda zake.

Nakuja. Sisi ndivyo tunavyoaga, mtu anatoka mlangoni anasema nakuja. Mwaka wake wa kwanza hapa, Rehema alimwambia msimamizi wake Mfilipino hivyohivyo kwa Kiingereza, kwamba anakuja, kisha akampa kisogo akatokomea kwenye korido. Yule bwana akabaki amesimama, hajui angoje au amfuate. Tulikicheka kisa hicho wiki nzima. Jana sikucheka.

Leo nimemsogelea Bi Ukungu hadi pua ikagusa kioo cha picha. Ule bado ni mgongo, Rehema, sibadilishi neno langu. Anaenda. Ila sikuwahi kufikiria kwamba huenda alipogeuka alikuwa ameshamwambia mtu nakuja.

Ukungu ukipungua nitakwenda kanisani Mesaimeer. Nikirudi nitafua shuka za kitanda chake, nikitandike kama anavyotandika yeye hotelini, pembe zimekazwa.

Mama Wambui, anayetupangisha chumba hiki, amegonga sasa hivi. Kuna msichana kutoka Nakuru anatafuta pa kulala, akauliza kama kitanda kiko wazi. Nikamwambia kina mwenyewe. Akachungulia ndani, akaona kabati tupu, akauliza huyo mwenyewe yuko wapi.

"Anakuja," nikasema.