Chai Aliyoikataa Mtu wa Chama

Mdogo wangu Saida,

Sijamwambia mtu hili: nimemsingizia Mama maneno. Vinginevyo hatujambo hapa mtaani kwetu Lozells, huku kwa Waingereza.

Uliuliza kama kweli wanasiasa wa huku hubisha hodi majumbani. Jumamosi alikuja bwana wa chama kinachotawala sasa. Wakati wa korona kilikuwa upinzani. Aliposikia Mama anahudumu kwenye makao ya wazee, akasema, “Wakati wa korona tuliwapigia makofi wahudumu kila wiki, milangoni!”

Mama, ambaye Kiingereza humtoa jasho, akaniambia, “Mwambie ahsante, mwanangu. Karibu chai.”

Nikamkumbuka Mama akienda kazini na mfuko wa taka, auvae kama aproni. Mimi, ninayeona haya hata kuuliza bei dukani, nikasema, “Mama anauliza, serikali ilipowanyima vifaa vya kujikinga, nyinyi mlisema nini?”

Bwana akatazama viatu vyake. “Ulikuwa wakati wa umoja.”

Umoja wa nani na nani, Saida? Tangu hapo siwaamini, wale waliotawala wala hawa walionyamaza.

“Kasemaje?” Mama akauliza.

“Hanywi chai.”

“Chai yangu? Basi na kura yangu asahau!”

Usimwambie Bibi. Akijua yeye, Mama atajua kabla ya Magharibi.

Dada yako,
Mwanaidi